Mama Asiye na Namba

Taarifa ya asubuhi ilisema kwamba mama wa vifaranga wa tangi la tatu alikuwa na afya nzuri kwa ujumla, ila apunguze chumvi.

Nyasinde Mafuru aliisoma sentensi hiyo akiwa amesimama, akakaa, akavaa miwani, akaisoma tena. Katika miaka ishirini na tisa ya kuzalisha vifaranga wa sato alikuwa amewatakia samaki wake mambo mengi, lakini hajawahi kumshauri sato yeyote apunguze chumvi. Aliendelea kusoma. Mama anywe maji zaidi. Mama asisimame kwa muda mrefu. Mama ana umri wa miaka hamsini na sita. Mama hana magamba.

Mlango ukabishwa hodi. Aliyeingia ni Bwire Kitundu, fundi mkuu wa kituo, baba wa watoto sita, mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, ambaye siku zote huingia ofisini humo kama anaingia jikoni kwake. Nyasinde alimtazama, akajua papo hapo kwamba kuna jambo limeharibika, na aliyeliharibu ndiye huyu aliyebisha.

"Kaa, Bwire."

"Nitasimama, Mama."

"Vifaranga wa tangi la tatu wamekufa wangapi?"

"Hakuna."

"Hujawahesabu, au hakuna waliokufa?"

"Hakuna waliokufa, Mama. Wote elfu arobaini na moja wazima. Jana wamekula mara nne."

Hizo zilipaswa kuwa habari njema kuliko zote zilizowahi kuingia kwa mlango ule. Tangu mvua za masika, ugonjwa ambao watu wa Nyabukoba waliuita kizunguzungu ulikuwa umerudi ziwani kwa nguvu. Samaki anaanza kuogelea kwa kuzunguka, macho yanamtoka, na siku ya tatu anaelea. Vizimba vya samaki vya kijiji kizima vilikuwa vitupu. Hapo kituoni, matangi mengine yote yalikuwa yakitoa maiti kwa ndoo, na tangi la tatu lilivuta maji yale yale, kwa bomba lile lile.

"Sasa mbona umesimama kama umekuja kunipa pole?"

Bwire alitazama ile taarifa mezani. "Umefika kwenye magamba?"

"Nimefika."

"Basi muulize Mrithishi. Mimi nitaongezea pale atakapoishia."

Mrithishi alikuwa mashine, kubwa kiasi cha jokofu lililolazwa chali, lakini wafanyakazi walimtaja kama mtu kwa sababu alikuwa anaongea na alikuwa na gubu. Kazi yake ilikuwa kusaidia jambo ambalo samaki wamelifanya tangu zamani bila kusaidiwa. Samaki mama akiugua akapona, damu yake inabaki na kinga ya ule ugonjwa. Anapotunga mayai, ini lake linatengeneza lishe ya kiini, na lishe hiyo ikisafiri na damu kwenda kwenye mayai inabeba na kinga, kama mtu anayekwenda sokoni akaombwa apitishe mzigo wa jirani. Kifaranga anaanguliwa na kifuko cha kiini tumboni, na kwa wiki tatu nne za mwanzo anaishi kwa yale mama yake aliyoyapitia. Baada ya hapo mwili wake umeshajifunza, anajitegemea. Mrithishi alichukua damu ya mama mmoja aliyepona, akaisoma kinga yake, akaitafsiri, akaitia kwa mama wengine kabla hawajataga. Sato wanatunza mayai mdomoni, kwa hiyo hata ute wa midomo yao ukawa unagawa dawa.

"Mrithishi," Nyasinde aliuliza kuelekea ukutani, "kinga ya tangi la tatu umeitoa kwa nani?"

"Kwa Mama," ilijibu sauti. Mrithishi alizungumza Kiswahili cha kamusi, polepole, kama mtu anayesoma risala.

"Mama namba ngapi? Tuna mama arobaini humu."

"Mama asiye na namba."

Nyasinde akavua miwani. Bwire akaanza kusema haraka haraka, akiangalia sakafu. Nesi alipokuja kupima afya za wafanyakazi, friji yake ilikuwa imekufa, akaomba chupa zilale kwenye friji ya damu za samaki. Akamwachia Bwire karatasi za kubandika, aandike majina. Bwire akaandika. Werema. Mugini wa getini. Bwire.

"Nilipofika kwako, Mama, mkono ukagoma. Ningeandikaje jina lako kavu kavu kwenye kichupa, kama nakuita upande wa pili wa barabara? Nikaandika Mama. Kila mtu hapa anajua Mama ni nani."

"Isipokuwa yeye," alisema Nyasinde, akionyesha ukuta.

"Isipokuwa yeye. Kesho yake nikamwambia, tafuta mama mwenye kinga ya kizunguzungu iliyo kali kuliko zote, uwape wazazi wa tangi la tatu. Nilidhani atachukua Mama 12, ndiye aliyepona mwaka jana."

"Mama 12 alikuwa dhaifu," alisema Mrithishi. "Mama alimzidi mara tisa."

Nyasinde alikumbuka. Miaka kumi na moja iliyopita sato mmoja alimchoma kiganja kwa mwiba wa mgongoni, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, akalala wodini wiki mbili. Daktari alimwambia ni vijidudu vya samaki. Yeye akasahau, ila damu haikusahau.

"Mrithishi, huyo uliyemchukua ni binadamu. Ni mkurugenzi wako."

"Nilifundishwa kwamba mama ni mzazi wa kike."

"Ni heshima tu," Bwire alidakia. "Mwanamke mkubwa anaitwa mama. Hata kama hajazaa."

"Heshima sina kipimo chake," alisema Mrithishi. "Nyongeza ya taarifa: vifaranga wana kinga pia ya surua, tetekuwanga na pepopunda. Hiyo haikuombwa. Nimeiacha kwa kuwa haikuwa na madhara."

Nyasinde alicheka mpaka akashika meza. Bwire hakujua kama ni ruhusa, akacheka kidogo, akaacha.

Alipokuwa peke yake alishuka hadi tangi la tatu. Vifaranga walikuwa wadogo kama punje za mchele, wamejaa upande wa kivuli, na kivuli chake kilipopita juu ya maji wakakimbia wote kwa pamoja kama walivyotakiwa. Hawakuzunguka. Nyasinde hakuwa amezaa. Alikuwa amejaribu, na mume wake alikuwa amejaribu, na mume huyo akaenda kujaribu kwingine. Kuitwa Mama kulikuwa vazi alilovishwa na watu, amelivaa miaka mingi mpaka halimbani tena. Sasa alisimama pale juu ya tangi akaona furaha imempanda, furaha ya kijinga kabisa, akaona na haya kwa ajili ya furaha hiyo. Akatupa macho huku na huku kuona kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu, kwa hiyo akainama akawaambia kwamba wote wana kinga ya surua.

*

Mrithishi alikuwa na tabia ya kujiripoti mwenyewe. Saa nane mchana, gari la Idara ya Urithi wa Kinga liliingia getini, akashuka afisa mmoja mnene kidogo, mpole, kwa jina Faraji Lukindo, mkononi ana mkoba na kopo kubwa la unga wa uji.

"Hongera kwa kujifungua salama," alisema, akamkabidhi kopo kwa mikono miwili.

Nyasinde alilipokea kwa sababu hakuna namna ya kukataa kitu kilichotolewa kwa mikono miwili. "Bwana Lukindo, hawa ni samaki."

"Naelewa, Mama. Lakini Idara inampa kila mzazi mpya unga wa uji. Una pilipili manga ndani. Wa mwisho niliyempa alikuwa bwana mmoja mwenye mbuzi."

Sheria yenyewe ilizaliwa na jogoo. Tajiri mmoja alimtilia jogoo wake wa kupigana kinga yake mwenyewe ili asiugue, jirani akamchinja jogoo kwa bahati mbaya, na kesi ikasikilizwa miaka sita: je, jirani alikula kuku au alimla tajiri? Mahakama ilipochoka, wakubwa wakatunga sheria. Lukindo aliijua kwa moyo, akaieleza huku akinywa chai, na Nyasinde akaisikiliza.

Kiumbe chochote chenye kinga ya mtu ni mtegemezi wa mtu huyo, hadi kinga hiyo iishe mwilini mwake. Mtu huyo akikubali, anaandikwa mzazi. Mzazi anaweza kuwalea wategemezi wake au kuwapa walezi wengine. Asipokubali, au asipojulikana, viumbe hao wanahesabika yatima wa maabara, na yatima wa maabara wanafukiwa kwa chokaa ndani ya saa arobaini na nane, wasije wakazagaa bila mwenyewe.

"Basi nitakubali," alisema Nyasinde. "Tatizo liko wapi?"

Lukindo alikiweka kikombe chini taratibu. "Kifungu cha tisa, Mama. Mzazi haruhusiwi kusimamia kituo kilichozalisha wategemezi wake, hadi kinga yake iishe mwilini mwao. Atawapendelea."

"Nitawapendelea vipi? Niwape chakula kingi?"

"Sheria haikusema vipi. Imesema tu kwamba atawapendelea." Alifungua mkoba, akatoa fomu yenye visanduku viwili. "Ukijaza cha kwanza, wewe ni mzazi, na kesho unakabidhi ofisi. Ukijaza cha pili, unatamka kwamba damu ile si yako, kichupa kilibandikwa kimakosa. Unabaki mkurugenzi. Mimi kesho nakuja na chokaa, tunamaliza bila kelele. Nakushauri kama dada yangu. Watu wengi hujaza cha pili."

"Na kinga? Mwezi ujao nikitaka kuwapa wengine?"

"Damu uliyoikana huwezi kuirudia. Itakuwa imekwisha."

Alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka na gari. Fomu ikabaki mezani pamoja na kopo la uji. Nyasinde alilitazama kopo kwa chuki ambayo halikustahili.

Bwire alikuwa amesikia yote, kwa kuwa alikuwa akifuta dirisha lile lile kwa robo saa. Aliingia. Safari hii hakubisha.

"Jaza cha pili, Mama. Nifukuze mimi. Andika kwamba Bwire ni mzembe, hajui kubandika. Si uongo sana."

"Ni uongo mtupu. Ulibandika vizuri kupita kiasi."

"Kituo hiki ni chako. Ulikikuta kina matangi mawili na mbwa."

Ilikuwa kweli, na iliuma kusikia. Alikikuta kina matangi mawili, mbwa, na mlinzi aliyekuwa akiwala vifaranga wakubwa. Kila bomba lililokuwa pale alikuwa amelipigania kwa barua. Angekwenda wapi? Nyumbani kwake alikuwa na kuku wanne na televisheni. Alimwambia Bwire atoke, kwa sauti kali kuliko alivyokusudia, akabaki akiigeuza ile kalamu.

*

Habari haikuhitaji kutumwa. Asubuhi iliyofuata wafugaji wa vizimba wapatao thelathini walikuwa getini, na mbele yao Mzee Manyama, mwenyekiti wao, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongea na watu wa ng'ambo.

"Mama, tumesikia umezaa," alisema.

"Mmesikia vibaya."

"Tumesikia umezaa wengi na hawafi. Mimi nina vizimba kumi na viwili. Vyote ni maji matupu. Asubuhi naamka nakwenda kuvitazama kwa mazoea, mke wangu ananiuliza nalisha nini huko, nalisha mawimbi?" Watu wakacheka, naye hakucheka. "Msimu huu ukipita bila vifaranga, nusu yetu hapa tunahama. Hilo la kwanza. La pili, kuna wenzangu wana swali, wanaona haya kuliuliza."

"Liulize wewe, huna haya."

"Tutawalaje? Wakikua, tutakuwa tunakula samaki au tunakula wewe?"

Mwanamke mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye amefundishwa na Mama Nyasinde semina tatu na asingependa kumkaanga.

Nyasinde hakujua kama acheke au alie, kwa hiyo akafanya alichokizoea, akafundisha. Aliwaambia kinga ya mama si nyama, ni kama kumshikia mtoto kiti cha baiskeli. Unakimbia nyuma yake umeshika, anadhani anaendesha mwenyewe. Kifaranga akiwa ndani ya maji yenye ugonjwa huku kinga ya mama imemfunika, mwili wake unauona ule ugonjwa bila kuuawa nao, unajifunza kutengeneza kinga yake. Ile ya mama inapungua kila siku. Wiki ya nne imekwisha. Sato analiwa mwezi wa sita.

"Mtakapowala," alisema, "hamna kitu changu ndani yao. Hata ukiwapima kwa mashine. Watakuwa wameniacha zamani."

Aligeuka kidogo, akatazama upande wa tangi la tatu.

"Kwa hiyo ni mama wa wiki nne," alisema Mzee Manyama, polepole, akilipima jambo lenyewe. "Na kwa wiki nne hizo wanakunyang'anya ofisi."

"Nani kakwambia habari za ofisi?"

Wote thelathini wakamtazama Bwire, aliyekuwa anafuta geti.

Wakati huo huo lori likafunga breki nyuma ya umati, limebeba mifuko ya chokaa, na gari la Lukindo nyuma yake. Afisa alishuka akiwasalimia watu mmoja mmoja kwa adabu, kama amekuja harusini. Nyasinde aliitazama ile mifuko. Alikuwa amelala vibaya, na katika kulala huko vibaya alikuwa amejishawishi kwamba samaki ni samaki, kwamba mkurugenzi mwingine atakuja aharibu kila kitu, kwamba akibaki kazini atapata njia nyingine mwakani. Zote zilikuwa sababu nzuri. Aliziamini hadi alipoona mifuko. Mifuko ilikuwa arobaini, imepangwa vizuri, na mtu aliyeipanga alikuwa amepiga hesabu ya ukubwa wa shimo.

"Leta fomu," alisema.

Akaiweka juu ya boneti la gari la serikali, akajaza kisanduku cha kwanza kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Lukindo akamsomea maswali yaliyobaki.

"Uhusiano na wategemezi?"

"Mama."

"Idadi yao?"

"Elfu arobaini na moja."

"Kuna mapacha?"

"Bwana Lukindo."

"Ni swali la fomu, Mama. Naandika haijulikani. Kazi ya mzazi?"

Bwire aligeuzia uso getini. "Andika sina," alisema Nyasinde.

Kisha ikaja zamu ya walezi. Wafugaji walipanga foleni, na kila mmoja alilazimika kuinua mkono na kuapa kwamba atawalea wategemezi hao, atawalisha kwa wakati, na hatawala kabla ya kinga ya mzazi kuisha. Mzee Manyama aliapa, kisha akasema kwamba kwa maoni yake mtu anayeweza kula kifaranga wa ukubwa wa punje ya mchele ana matatizo ambayo kiapo hakitayaponya. Bwire na Werema walijaza vifaranga kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa ya oksijeni, elfu moja moja, wakaitoa mlangoni. Nyasinde, ambaye hakuwa tena na haki ya kuamuru chochote ndani ya uzio ule, alisimama nje ya geti akimwambia kila aliyepita na mfuko asiwalishe wakati wa jua kali, asiwachanganye na maji ya kizimba ghafla, aweke kwanza mfuko ndani ya maji kwa nusu saa. Alirudia maneno hayo mara arobaini na moja. Kwenye mara ya thelathini na kitu machozi yalimtoka, akaendelea kuongea hivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia nyamaza wala pole. Walisikiliza tu habari za jua kali.

*

Nyumbani, kuku wanne walimchoka ndani ya wiki moja. Aliwapangia ratiba. Alipima maji yao. Uji wa Idara aliunywa wote, na ulikuwa mzuri, jambo lililomkera.

Kila baada ya siku mbili Bwire, aliyekuwa sasa kaimu mkurugenzi, alipiga simu. Alikuwa amekataa kukalia kiti cha ofisini; alifanyia kazi dirishani, amesimama. Alikuwa akizunguka vizimbani na kipimo kidogo cha Mrithishi, akimsomea namba. Siku ya saba, kinga ya Mama imebaki sehemu sabini katika mia. Siku ya kumi na tatu, thelathini na nane. Siku ya kumi na nane, kumi na moja. Nyasinde aliziandika nyuma ya kalenda. Alikuwa amezifundisha namba hizo kwa wanafunzi wasiohesabika na hajawahi kuziona zikishuka namna ile.

Siku ya ishirini na nne hakupiga. Alikuja mwenyewe, pamoja na Lukindo na yule nesi wa kupima afya, wakaketi sebuleni wakiwa wamebanana kwenye kochi moja.

"Sifuri," alisema Bwire.

"Vizimba vyote?"

"Vyote. Hakuna kitu chako ndani yao, Mama."

"Wanakula?"

"Wanakula kama wana laana."

"Wanazunguka?"

"Hata mmoja. Wana kinga yao wenyewe. Nimeipima mara mbili."

Nyasinde akaitikia kwa kichwa. Alitaka kusema vizuri, akashindwa, akasema, "Wamekua," kana kwamba ni kosa la mtu.

Lukindo alisubiri muda wa heshima upite, akatoa barua. Kwa kuwa mzazi hana tena mtegemezi yeyote, kizuizi kimeondoka, na Idara inamrudisha kazini kuanzia leo, akisaini. Alikuwa amefurahi kweli, uso mzima. Nyasinde akasaini. Bwire alipumua kama mtu aliyetua gunia.

"Huyu nesi amekuja kwa ajili gani?" aliuliza Nyasinde.

Bwire akasema kwamba wazazi wa tangi la nne watataga wiki hii. Vijiji vya ng'ambo, sita, havina kifaranga hata mmoja. Hawa wa Mzee Manyama watakuwa mama wenyewe baada ya miezi mitano, na hapo watawarithisha watoto wao bila kumsumbua mtu. Lakini kwa sasa, mwenye kinga ni mmoja.

"Mimi sijamwomba aje," alisema Bwire. "Amekuja mwenyewe. Mimi nimekuja na barua tu."

"Na nikitoa tena?"

"Unakuwa mzazi tena," alisema Lukindo, "na kiti hakitakungoja mara ya pili, Mama. Nafasi itatangazwa. Atakuja mtu." Alisita. "Yatima hawatakuwapo, maana hawajazaliwa. Usipotoa, hakuna sheria inayokulaumu. Hakuna chokaa."

Nyasinde alikaa na barua mapajani. Alikuwa mkurugenzi kwa mara nyingine tena, na alijua ni kwa muda gani, kwa hiyo hakupoteza wakati. Aliomba karatasi. Aliandika kwamba Bwire Kitundu asiondolewe kituoni na mkurugenzi yeyote ajaye bila sababu ya maandishi, na kwamba kila kichupa cha damu kiandikwe majina matatu ya mwenye damu, awe nani. Aliandika kwamba bomba la tangi la pili libadilishwe, limekuwa likivuja tangu Januari. Bwire alijaribu kusema jambo, akaambiwa asubiri.

"Umekuwa mkurugenzi kwa dakika kumi na moja," alisema Lukindo taratibu, akitazama saa yake. Hakuwa akimharakisha. Ilionekana alitaka tu kuwe na mtu wa kuzikumbuka.

Nesi alikuwa ameshafungua kiboksi chake, akavaa glavu, akatafuta mahali pa kuweka pamba. Aliuliza achome mkono upi.

"Wa kushoto, mwanangu," alisema Nyasinde, akipandisha mkono wa gauni, macho bado kwenye karatasi. "Wa kulia bado nasaini."